Nalongo ndiye Mama Kato: e-grafu na semi zilizo sawa

Katika mtaa ninaoishi hapa Kampala kuna duka la Hajji mmoja ambaye huandika madeni ya wateja katika daftari kubwa lenye jalada gumu, kila mteja na ukurasa wake. Jioni moja nilikuwa nimeegemea kaunta nikisubiri chenji, naye akagundua kwamba ukurasa wa "Nalongo" na ukurasa wa "Mama Kato" ni wa mtu mmoja. Kwa msomaji asiyeijua Buganda nieleze kidogo: mwanamke akijifungua mapacha huitwa Nalongo na mumewe huitwa Ssalongo, na mapacha wakiwa wa kiume, wa kwanza hupewa jina la Wasswa na anayemfuata huitwa Kato. Kwa hiyo mama mmoja anaweza kuwa Nalongo kwa majirani, Mama Wasswa kwa walimu wa shule, na Mama Kato kwa kijana anayeshika duka asubuhi, na madeni yake yakatawanyika katika kurasa tatu ambazo hakuna hata mmoja unaosema ukweli mzima.

Hajji hakuchana karatasi yoyote. Juu ya ukurasa wa Mama Kato aliandika "tazama Nalongo", akafanya vivyo hivyo kwenye ukurasa wa Mama Wasswa, kisha akaendelea kupekua. Alipofika kwenye ukurasa wa "Mume wa Mama Kato", uliokuwa na deni la betri na sabuni, alirudi nyuma hadi kwenye ukurasa wa "Mume wa Nalongo" na kuuunganisha nao bila kumuuliza mtu. Mbele kidogo palikuwa na oili ya "pikipiki ya mume wa Nalongo" na ya "pikipiki ya mume wa Mama Kato", nazo zikaunganishwa. Nilimuuliza, "Hajji, umejuaje kwamba pikipiki ni moja?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama jua huchomoza mashariki. "Mwanangu, mke ni mmoja, mume ni mmoja, na pikipiki anayo moja. Hapo kuna cha kuuliza?"

Kazi yangu ni kuandika programu, na kwa muda sasa nimekuwa nikishughulika na muundo wa data unaofanya kazi ile ile ya Hajji, isipokuwa mahali pa wateja unahifadhi semi za hesabu na vipande vya kodi, yaani maagizo ya programu. Muundo huo unaitwa e-grafu, na herufi ya mwanzo inasimamia usawa (kwa Kiingereza, equality). Nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu ni miongoni mwa mawazo machache ya sayansi ya kompyuta yaliyobadilisha namna ninavyofikiri, na pia kwa sababu uliwahi kuniaibisha.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mtu anayeandika kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa maagizo ya prosesa), au programu yoyote ya kurahisisha fomula, huwa na orodha ya kanuni zinazosema usemi wa namna hii ni sawa na usemi wa namna ile. Chukua usemi (a × 2) / 2, ambao kila mwanafunzi wa sekondari anaona kwamba jibu lake ni a. Sasa ipe kompyuta kanuni nne: kwamba x × 2 ni sawa na x iliyosogezwa biti moja kushoto (yaani tarakimu zake za 0 na 1 zinasukumwa nafasi moja), tendo ambalo kwa prosesa nyingi ni jepesi kuliko kuzidisha, kwamba (x × y) / z ni sawa na x × (y / z), kwamba x / x ni 1, na kwamba x × 1 ni x. Programu ya kawaida ikianza na kanuni ya kusogeza biti, itageuza a × 2 kuwa a << 1 na kuutupa usemi wa zamani. Kuanzia hapo imebaki na (a << 1) / 2, na zile kanuni tatu nyingine hazina pa kushika, maana alama ya kuzidisha zilizokuwa zikiitafuta haipo tena. Kanuni ya kweli imetumiwa kwa wakati usiofaa na imefunga njia ya jibu zuri zaidi. Waandishi wa kompaila wamehangaika kwa miongo mingi na swali la kanuni ipi itangulie ipi, na ukweli ni kwamba hakuna mpangilio mmoja unaofaa kila programu.

E-grafu inalikwepa swali hilo kwa kukataa kutupa chochote. Ndani yake kuna vitu viwili tu, yaani nodi na makundi. Kundi hukusanya nodi zote zenye thamani moja. Nodi ni tendo pamoja na viungo vyake, na ujanja wote umo katika hivyo viungo: nodi ya kuzidisha haielekezi kwenye usemi fulani, bali inaelekeza kwenye kundi. Tuufuate mfano wetu hatua kwa hatua. Kundi la 1 lina a. Kundi la 2 lina namba 2. Kundi la 3 lina nodi moja inayosema "zidisha kundi la 1 kwa kundi la 2", na kundi la 4 lina nodi inayosema "gawa kundi la 3 kwa kundi la 2". Kanuni ya kusogeza biti ikija, tunaongeza kundi la 5 lenye namba 1, kisha nodi ya "sogeza kundi la 1 kwa kundi la 5" inaingia katika kundi la 3, ikakaa bega kwa bega na ile ya kuzidisha. Hakuna iliyofukuzwa. Kanuni ya pili inapofika inaikuta alama yake ya kuzidisha bado ipo, nayo inaunda kundi la 6 lenye "gawa kundi la 2 kwa kundi la 2" na kuweka "zidisha kundi la 1 kwa kundi la 6" ndani ya kundi la 4. Kanuni ya tatu inasema kundi la 6 ni 1, kwa hiyo kundi la 6 na la 5 yanaungana. Kanuni ya nne inasema a × 1 ni a, na papo hapo kundi la 4, ambalo ndilo fomula yetu nzima, linaungana na kundi la 1. Jibu limepatikana, na mpangilio wa kanuni haukuwa na umuhimu wowote.

Hapo pana jambo ambalo lilinichukua siku mbili kulizoea. Baada ya muungano huo wa mwisho, kundi la 1 lina nodi inayolielekeza kundi la 1 lenyewe, kwa kuwa a ni sawa na a × 1. Grafu imejikunja. Ukiifuata nodi hiyo unapata a × 1, ukizunguka tena unapata (a × 1) × 1, na unaweza kuendelea hivyo bila mwisho, kwa maana hiyo nodi chache zilizohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta zinawakilisha semi zisizo na idadi. Nilidhani mwanzoni ni hitilafu ya programu yangu.

Kuhusu ile alama ya Hajji ya "tazama Nalongo", hiyo ni mbinu inayojulikana tangu 1964, ilipochapishwa na Galler na Fischer. Kila kundi linaelekeza kwenye kundi lililolimeza, na anayetafuta hufuata mshale hadi amfikie mkubwa wa ukoo, kisha njiani anarekebisha mishale ili wanaomfuata wafike kwa hatua moja. Mwaka 1975 Tarjan alithibitisha kwamba gharama yake kwa kila tendo, ukiigawanya juu ya matendo mengi, inakua polepole kiasi kwamba kwa data yoyote tutakayowahi kuwa nayo ni kama haikui kabisa. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi.

Sehemu nzito ni ile ya mume na pikipiki. Ikiwa vitu viwili ni sawa, basi tendo lile lile likifanywa juu ya kila kimoja linatoa matokeo sawa, na usawa huo unapanda ngazi kutoka kwa mke hadi kwa mume na kutoka kwa mume hadi kwenye pikipiki, bila kanuni mpya kuandikwa. E-grafu huweka nodi zake katika jedwali la hashi, yaani jedwali linalopata kitu haraka kwa ufunguo wake, na funguo za jedwali ni tendo pamoja na namba za makundi. Makundi mawili yanapoungana, namba hizo zinabadilika, na nodi mbili zilizokuwa tofauti ghafla zinakuwa na ufunguo mmoja, jambo linalolazimisha makundi yao nayo yaungane, na kadhalika kwenda juu. Greg Nelson alieleza kazi hii katika tasnifu yake ya Stanford ya 1980, na mwaka huo huo yeye na Derek Oppen walichapisha njia ya kuifanya kwa haraka. Lengo lao halikuwa kompaila. Walitaka programu za kuthibitisha kwamba programu nyingine ni sahihi, na hadi leo vithibitishaji kama Z3 ya Microsoft Research vimebeba muundo huu ndani yake.

Wazo la kuitumia e-grafu kurahisisha kodi lilikuja baadaye. Lilijitokeza katika mradi wa Denali mwaka 2002, ambao Nelson mwenyewe alishiriki, kisha mwaka 2009 Ross Tate na wenzake wakalipa umbo na jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita kushibisha usawa: unatumia kanuni zote juu ya grafu yote, tena na tena, hadi hakuna kanuni inayoongeza kitu kipya. Grafu ikifikia hapo imeshiba. Ndipo unapochagua, mara moja, mwishoni, usemi ulio rahisi kuliko wote katika kundi la fomula yako. Kuchagua huko ni rahisi ikiwa kila nodi ina bei yake na unajumlisha tu bei za viungo, lakini ukitaka kipande kinachotumiwa mara mbili kihesabiwe mara moja, tatizo linaingia katika jamii ya yale ambayo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kuyatatua kikamilifu.

Neno kushiba lisimdanganye mtu. Grafu nyingi hazishibi, na nyingine hula hadi kumbukumbu yote ya kompyuta iishe. Mwenye lawama kubwa ni kujumlisha, kwa sababu a + b ni b + a, na mabano yanaweza kuwekwa popote. Nilikaa na karatasi nikakokotoa. Jumla ya vigeu 10 vilivyo tofauti inaweza kuandikwa kwa namna 17,643,225,600, ukihesabu kila mpangilio na kila namna ya kuweka mabano. E-grafu iliyoshiba inahifadhi namna hizo zote katika makundi 1,023 na nodi za kujumlisha 57,002, na hiyo ni akiba ya kustaajabisha. Lakini ongeza vigeu viwe 20, na nodi zinakuwa 3,484,687,250. Kompyuta yangu ndogo hainunui hadithi hiyo. Kwa vitendo, mtu huweka kikomo cha muda na cha idadi ya nodi, anasimamisha kazi na kuchagua kilicho bora kati ya vilivyopatikana kufikia hapo.

Kwa muda mrefu baada ya 2009 mbinu hii ilibaki ya watafiti, kwa sababu kila aliyeitaka alilazimika kujijengea e-grafu yake mwenyewe. Mwaka 2021 Max Willsey na wenzake walichapisha egg, maktaba (mkusanyiko wa kodi iliyo tayari kutumiwa) ya lugha ya programu ya Rust ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua, na ndiyo niliyoanzia. Mchango wao mkubwa ni jambo ambalo Hajji angelielewa mara moja. Zamani, kila makundi mawili yalipoungana, programu ilipanda ngazi zote papo hapo kutafuta waume na pikipiki. Wao waliona kwamba kanuni hutumiwa kwa mafungu, basi afadhali uandike miunganiko yote ya fungu zima, ukubali daftari liwe na dosari kwa muda, kisha ulikarabati mara moja kabla ya fungu linalofuata. Ndivyo duka linavyofungwa hesabu jioni, si baada ya kila mteja. Kasi iliyopatikana ilikuwa kubwa.

Matumizi yake yameenea. Herbie, chombo kilichotoka mwaka 2015 cha kurekebisha fomula zinazopoteza usahihi, baadaye kilianza kuitumia egg. Ukikipa kipeuo cha pili cha x + 1 ukitoa kipeuo cha pili cha x, kinaweza kukurudishia 1 ikigawanywa kwa jumla ya vipeuo hivyo viwili. Kwenye karatasi ni kitu kimoja. Kwenye kompyuta, x ikiwa 10,000,000,000,000,000, fomula ya kwanza katika namba za kawaida za desimali za biti 64 inatoa 0 kamili, ilhali ya pili inatoa takriban 0.000000005, ambalo ndilo jibu. Kompaila ya Cranelift nayo inatumia aina nyepesi ya e-grafu isiyoruhusu ile mizunguko ya kujielekeza, na haingoji kushiba, kwa kuwa kompaila ya namna hiyo inatakiwa kumaliza kazi haraka.

Sasa aibu yangu. Chama kimoja cha ushirika kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kinachonunua kahawa kwa wakulima, kilikuwa na fomula za malipo zilizorithiwa kutoka karani mmoja hadi mwingine, ndefu na zenye viraka, nami niliombwa nizipunguze na kuhakikisha kwamba fupi ni sawa na ndefu. Kwa kazi hiyo e-grafu ilionekana kama imetumwa kutoka mbinguni. Nikaandika kanuni zangu jioni moja, nikaingiza fomula, nikaweka viwango vya msimu, na ripoti ikatoka safi: malipo ya kila mkulima ni 0.

Kwa bahati njema yalikuwa majaribio na hakuna mkulima aliyeliona karatasi hilo. Egg ina uwezo wa kueleza kwa nini inaamini semi mbili ni sawa, kwa hiyo nikaiuliza kwa nini uzito wa kahawa ni sawa na 0. Ikanijibu kwa mnyororo mfupi ambao bado ninaukumbuka. Ndani ya fomula mojawapo palikuwa na kiraka cha zamani, (uzito × ushuru) / ushuru, na msimu ule ushuru ulikuwa 0. Kanuni yangu moja ilisema (x × y) / y ni x, basi kiraka hicho ni sawa na uzito. Kanuni nyingine ilisema x × 0 ni 0, basi kiraka hicho hicho ni 0 / 0. Ya tatu ilisema 0 / x ni 0. Kwa hiyo uzito ni 0, na mume wa uzito, na pikipiki ya mume wa uzito, na malipo yote yaliyotegemea uzito, yote yakaburutwa pamoja. Programu ya kawaida pengine ingetumia kanuni ya kwanza, ikafuta kiraka, ikasonga mbele, na uongo wa kanuni zangu usingejulikana kamwe.

Ninachotaka kusema kuhusu e-grafu kimo katika mnyororo huo. Haitupi kitu, ndiyo maana inafika kwenye majibu ambayo wengine wanayapita, na kwa sababu hiyo hiyo haiusahau uongo hata mmoja. Kanuni iliyo kweli "kwa kawaida" haitoshi. Hata ile niliyoitumia juu, kwamba (x × y) / z ni x × (y / z), ni kweli kwa namba zenye desimali za kwenye karatasi, lakini kwa namba kamili, jinsi tunavyohesabu shilingi, (3 × 1) / 2 ni 1 na kinachobaki kinatupwa, ilhali 3 × (1 / 2) ni 0. Sasa kanuni zangu za kugawanya zina masharti: hazifanyi kazi mpaka kundi la kigawanyo lijulikane kwamba si sifuri, na taarifa hiyo inabebwa na kundi lenyewe, ikijumlishwa kila makundi yanapoungana. Niliweka pia kengele inayolia kundi moja likipata namba mbili tofauti, ingawa nakiri kwamba katika kisa changu isingelia mapema, kwa kuwa uzito haukuwa na namba yoyote ya kupingana na 0.

Kuna jambo ambalo masharti hayo hayalitibu. Makundi yakishaungana, hakuna njia rahisi ya kuyatenganisha, kwa sababu nodi zimeshachanganyika na mishale imeshafupishwa, na grafu yenyewe haionyeshi tena nini kilitoka wapi. Kwenye kompyuta ninafuta grafu nzima, ninarekebisha kanuni, na kuanza upya, kazi ya sekunde chache. Juzi nimepita dukani nikamkuta Hajji amefungua daftari jipya kabisa, la zamani likiwa wazi kando yake, ananakili ukurasa baada ya ukurasa huku akimuuliza kila mteja anayeingia alikopa nini na lini. Mwezi uliopita familia nyingine yenye mapacha ilihamia nyuma ya msikiti, na kijana wa asubuhi alikuwa akiandika madeni yao yote kwa Nalongo.